Miaka Thelathini na Minne ya Kuhesabu Kope

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa kumi alasiri, mpiga picha mkuu wa studio yetu atavua mkanda wa kamera shingoni na kuutundika msumarini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne, miezi minne na siku tisa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Alipoambiwa kwamba daftari la ofisi linaonyesha siku nane, alijibu kwamba siku ya kwanza daftari halikuwepo, yeye alikuwepo.

Jina lake kamili liko kwenye kadi ya mwaliko, kwa wanaolihitaji. Sisi tunamwita Kope, na binti yake ametuambia kwamba hata nyumbani, akiitwa kwa jina halisi, hugeuka taratibu kama anayeitiwa jirani. Jina hilo alipewa na fundi wa taa, baada ya kusikia somo moja mara elfu. "Picha ya mtu ni kope," Kope husema. "Kope za jicho la karibu zikihesabika, umempiga mtu. Zisipohesabika, hata shati liwe zuri vipi, umepiga picha ya shati."

Wasifu huu ulistahili kuandikwa na mtu mzima. Meneja aliwaomba wote kwa zamu. Fundi wa taa alisema mkono wake umezoea kuandika namba za balbu tu. Mhariri, yule kijana anayerekebisha picha kwenye kompyuta, alisema yeye atatengeneza video, na video hiyo bado inatengenezwa. Shangazi yangu, aliye mapokezi, alisema ataanza kulia kwenye sentensi ya pili, kisha akaninyooshea kidole mimi. Huwa napita studio kila siku nikitoka shule, namsubiri shangazi twende nyumbani, na nikiwa pale huwasomea wakubwa vitabu vya maelekezo ya kamera. Vimeandikwa kwa lugha tunayofundishiwa darasani, nao wanapenda kuvisikia kwa Kiswahili. Ndiyo maana Kope huniita Mkalimani. Kusimama mbele za watu siwezi. Kuandika naweza kidogo. Basi nivumilieni.

Kope aliingia hapa kama msaidizi wa chumba cha giza, enzi za kusafisha filamu kwa dawa ndani ya karai. Wakati ule, anasema, mtu ulipiga picha Jumatatu ukajua aibu yako Alhamisi. Hakukuwa na kioo nyuma ya kamera cha kukuonyesha ulichokosea. Kwa hiyo alijitengenezea kamba yenye mafundo, fundo moja kila nusu mita, akawa anapima kutoka kwenye lenzi hadi kwenye pua ya mteja, halafu anazungusha pete ya lenzi hadi kwenye namba inayolingana. Wateja hawakuipenda kamba ile. Mzee mmoja aliyekuja na suti yake mpya aliruka kitini.

"Mbona unanipima? Mimi bado sijafa!"

"Nakupima ili siku hiyo ikifika uwe na picha nzuri," Kope akamjibu, na akaendelea kuhesabu mafundo.

Mzee yule alikaa. Picha ilitoka. Inasemekana aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, na kila mwaka alirudi kupiga nyingine, kwa ubishi tu.

Polepole kamba ikaachwa na jicho likachukua nafasi yake. Kope akajifunza kuchungulia kwenye kitundu cha kamera na kuizungusha pete kwa vidole viwili, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena, mpaka kope zijitokeze kutoka kwenye ukungu moja moja. Kazi hiyo ina uzuri wake, na ina dakika zake. Yuko bwana harusi aliyepiga miayo katika picha zote tatu. Yuko mtoto ambaye mama yake anaapa aliota jino wakati wa kusubiri. Na kuhusu amri yake maarufu, sina haja ya kuwakumbusha. Wapiga picha wengine husema tabasamu. Kope husema, "Usipumue kwa tumbo!" Maelezo yake ni kwamba mtu akivuta pumzi husogea mbele, na akisogea mbele kope zinaondoka mahali pake. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa, ila kwa sababu hiyo nusu ya mji huu ina picha za watu waliotoa macho kama wamekanyagiwa kidole.

Tukija kwenye sifa, na lazima tuje maana mkewe atakuwa ameketi safu ya mbele, kuna picha ya wauguzi mia mbili na kumi na wawili kwenye ngazi za hospitali. Wengi wenu mmeiona. Imening'inia kwenye korido ya wagonjwa wa nje, na kila uso, kuanzia safu ya chini hadi ya juu kabisa, unaonekana vizuri kiasi cha kumjua mwenye kipele. Kope aliipiga peke yake, kwa kulenga kwa mkono, juu ya meza iliyowekwa juu ya meza nyingine. Aliyefumba macho ni mmoja tu, naye ni matroni. Kope alitakiwa kuomba radhi kwa maandishi. Aliandika kwamba kwa upande wa kamera hakuna kosa lililotokea.

Miaka minane iliyopita Meneja alinunua kamera mpya yenye otofokasi. Hiyo ni kamera inayojilengea yenyewe: unabonyeza nusu, inalia mlio mdogo, inakuambia tayari. Kope aliusikiliza ule mlio kama mtu anayesikiliza mbu.

"Sasa mimi nitafanya nini?" akauliza.

"Utabonyeza, Mzee," akasema Mhariri.

"Kubonyeza hata kengele ya mlango inabonyezwa."

Akaishika kamera, akaitafuta swichi ya kuizima otofokasi, akaizima, na kwa miaka minane kila alipoichukua aliizima tena. Mhariri akiichukua aliiwasha. Swichi ile imechakaa kuliko kitu chochote humu ndani.

Hata hivyo otofokasi nayo ina udhaifu wake. Kila lenzi ina tabia. Moja hulenga mbele kidogo ya pale ulipotaka, nyingine nyuma kidogo. Kidogo hicho ni kama unene wa kidole, lakini tundu la mwanga la lenzi likiwa limefunguliwa lote, unene wa kidole unatosha kuuhamisha ukali kutoka kwenye jicho kuelekea sikioni. Kwa hiyo lenzi husawazishwa. Nakumbuka Mhariri alipofanya hivyo mwaka jana, mimi nikimsomea ukurasa mmoja mmoja. Unaweka kamera kwenye miguu mitatu, unaweka rula iliyolala mshazari, unalenga sifuri ya katikati, unapiga, halafu unakuza picha uone ni namba gani iliyotoka kali. Ikiwa ni namba ya mbele ya sifuri, unaiambia kamera isukume nyuma. Unarudia mpaka sifuri yenyewe ing'ae. Kope alikuwa kwenye kiti chake, kikombe cha chai mkononi.

"Yaani kamera ya bei ile imepelekwa kupimwa macho?"

"Ni kuisawazisha tu, Mzee."

"Mwambie na miwani ikihitajika tutachanga."

Studio ina lenzi mbili pacha, za aina moja, zilizonunuliwa siku moja. Tunazitofautisha kwa utepe, mwekundu na mweupe. Mhariri aliisawazisha ya utepe mwekundu ikakaa barabara. Kesho yake akachukua ya utepe mweupe, akaenda kuwapiga picha za vitambulisho wafanyakazi arobaini wa kiwanda cha sabuni. Kumbe kamera yetu huitambua lenzi kwa aina yake tu. Kwake pacha wale ni mtu mmoja. Nyekundu ilikuwa na tabia ya kulenga mbele, nyeupe ya kulenga nyuma, na kamera ikampa mweupe dawa ya mwekundu, ikamsukuma nyuma zaidi. Watu arobaini wakatoka na masikio makali ajabu na nyuso za watu walioamka sasa hivi.

Kope alizitazama zote arobaini, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Hawa wakipotea," akasema, "watatafutwa kwa masikio."

Mwezi mzima Mhariri aliitwa Bwana Masikio. Mpaka muuza magazeti wa kule nje alijua. Ikaamuliwa kwamba lenzi nyekundu iwe ya otofokasi, ya Mhariri, na nyeupe iwe ya Kope, kwa kuwa alengaye kwa mkono hana haja ya kusawazishiwa chochote isipokuwa jicho lake. Kamera ikabaki ileile moja, wanapokezana.

Lakini wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mwezi wa nane mwaka huu, picha za Kope zilianza kufifia.

Mwanzoni ilikuwa moja katika kumi. Baadaye nne. Pakafika siku ambayo familia ya watu watano ilirudishwa kupigwa upya, na aliyewapiga upya alikuwa Mhariri, kwa otofokasi, dakika mbili, kwaheri. Zamu ya kuchekwa ikahamia upande wa pili. Fundi wa taa alianza kumpa mkono Kope wakati wa kuvuka chumba, kama anavyovushwa kipofu barabarani. Mhariri alibandika mlangoni karatasi yenye herufi kubwa kwenda ndogo, kama ya hospitali ya macho. Kope alicheka nao. Siku za kwanza alicheka sana. Mkewe akaanza kumfungia karoti mbichi kwenye mfuko wa nailoni, naye akawa anazitafuna pembeni kati ya mteja na mteja, akitazama ukuta.

Kisha akaacha kucheka. Aliacha hata kubishana kuhusu swichi. Meneja alimwita ofisini akamwambia kwa upole kwamba ile kazi ya shule, wanafunzi mia sita na walimu wao, kazi ambayo Kope aliifanya kila mwaka na aliyotaka ifunge utumishi wake, mwaka huu ataifanya Mhariri. Kope alisema, "Sawa, mama." Shangazi anasema katika miaka yote hiyo hajawahi kumsikia akisema sawa mara moja tu bila kuongeza neno.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa ukurasa.

Mimi navaa miwani. Wengi wenu hamjui, kwa sababu huwa naivua kabla ya kuingia mlangoni na kuificha katikati ya madaftari. Shuleni wananiita Chupa. Niliona hapa studio, mahali penye taa nyingi na watu wazuri waliokuja kupigwa picha, angalau pawe mahali ambapo mimi si Chupa. Na Kope, wakati wa alasiri wateja wakiisha, alikuwa akiniruhusu nichungulie kwenye kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu. Bila miwani nilikuwa naona maziwa matupu. Lakini pembeni ya kile kitundu, chini ya mpira, kuna kigurudumu kidogo, hakizidi punje ya mahindi. Nilikizungusha, na dunia ikawa safi. Niliona nyuzi za pazia. Niliona vumbi juu ya kiti cha maharusi. Kuanzia siku hiyo, mwezi wa nane huohuo, nilikizungusha kila nilipofika, na nikiondoka nilikiacha hapohapo.

Kigurudumu kile huwekwa kulingana na jicho la mtu anayelenga. Kope alikiweka sawa na jicho lake siku kamera ilipoletwa, miaka minane iliyopita, na hakukifikiria tena, kama mtu asivyofikiria bawaba za mlango wa kwake. Otofokasi haisumbuliwi nacho. Kamera hulenga kwa jicho lake yenyewe, na Mhariri husubiri mlio tu, ukungu wa kitunduni haumhusu. Ndiyo maana picha za Mhariri zilikuwa sawa. Anayelenga kwa mkono ndiye anayeumia. Kila asubuhi Kope alichungulia akaona ukungu nilioacha mimi jana yake, na kila alipoona ukungu alijilaumu yeye.

Je, nilijua? Wiki ya kwanza sikujua. Wiki ya tatu nilijua. Maelezo yako ukurasa wa kumi na mbili, na ukurasa huo niliusoma kwa mdomo wangu. Lakini kusema kungenilazimu nieleze kwa nini nakizungusha, na kueleza kungenilazimu nitoe miwani kwenye madaftari. Nikanyamaza. Nilimtazama babu wa watu akitafuna karoti, nikanyamaza. Ilipita zaidi ya wiki tano.

Kilichonifungua mdomo ni barua. Jumanne moja ya mwezi wa kumi Kope alimpa shangazi karatasi amchapie, na shangazi, kama kawaida yake, akanisogezea mimi nikague maandishi. Ilikuwa na mistari minne. Aliomba aruhusiwe kuondoka mara moja, asisubiri tarehe yake, "kwa sababu macho yangu hayaaminiki tena na sipendi wateja walipie makosa yangu."

Nilikwenda hadi chumba cha nyuma. Alikuwa anafuta lenzi nyeupe kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto wa wenyewe kabla ya kumrudisha.

"Babu, si macho," nikasema.

"Si macho nini?"

"Ni kigurudumu. Nakizungusha mimi. Kila siku."

Aliacha kufuta. "Kwa nini?"

Nikatoa miwani, nikampa. Aliigeuza huku na huku, akaivaa, akanitazama, akaivua haraka kama imemuunguza.

"Lo! Mtoto, wewe ni kipofu kuliko mimi!"

Ningependa kuandika kwamba tulicheka yakaisha. Hayakuisha. Alinyanyuka, akaenda kwenye kamera, akachungulia, akakizungusha kigurudumu mara tatu, akachungulia tena kwa muda mrefu sana. Alipogeuka alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona, akanipigia kelele hadi shangazi akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. "Hakuna kitu!" tukajibu wote wawili kwa pamoja. Siku tatu hakuniita Mkalimani. Hakuniita chochote. Siku ya nne aliniita nikae.

"Unajua nani nimemkasirikia?" akasema. "Siku ya kwanza mtu anapojifunza kazi hii, mimi ndiye humwambia: ukiona ukungu, kabla ya kulia, angalia kigurudumu. Nimewaambia wangapi? Halafu mimi mwenyewe nakula karoti!"

Nikamwambia nitamweleza Meneja kila kitu. Akakataa.

"Tukisema, wewe utaaibika siku moja. Mimi nitaaibika miaka thelathini na minne. Kaa kimya. Maneno hayapigi picha."

Barua akairudisha mfukoni mwake. Akaenda moja kwa moja kwa Meneja, akaomba ashindanishwe na otofokasi.

Shindano hilo mnalikumbuka, maana studio ilifungwa saa nzima kwa ajili yake. Fundi wa taa aliketi kwenye kiti cha maharusi akiwa amevaa tai ya kuazima. Matundu ya mwanga ya lenzi yalifunguliwa hadi mwisho, ili kusiwe na pa kujificha. Mhariri akapiga picha kumi kwa otofokasi na lenzi nyekundu. Kope akaweka nyeupe, akazima swichi, akazungusha pete kwa mkono, akapiga kumi. Katikati ya kila picha na picha fundi wa taa aliagizwa asimame, azunguke kiti, akae upya. Meneja alizikuza zote ishirini kwenye kompyuta bila kuambiwa ipi ni ya nani, akihesabu kope kwa ncha ya kalamu.

Otofokasi ilipata tisa. Kope alipata nane.

Alishindwa, ndugu zangu, na sijawahi kuona mtu aliyefurahia kushindwa namna ile. Wiki mbili kabla angepata tatu. Alimkumbatia Mhariri, alimkumbatia Meneja, akamkumbatia fundi wa taa na papo hapo akaanza kumshutumu kwamba katika picha ya saba alipepesa jicho kwa makusudi. Kesi hiyo haijaisha. Meneja akairudisha kazi ya shule: Mhariri awapige wanafunzi mia sita mmoja mmoja, maana foleni ya watoto haimsubiri mtu azungushe pete, na Kope apige picha za madarasa na za walimu. Aliondoka asubuhi na mapema na alirudi hana sauti. Picha za madarasa yote kumi na sita zilitoka, na hakuna hata moja iliyorudiwa.

Watu walimuuliza amefanyaje. Akasema, "Karoti."

Na mkaamini! Fundi wa taa amekula karoti tangu mwezi wa kumi, na ngozi ya viganja vyake imeanza kubadilika rangi. Shangazi amewalazimisha binamu zangu wadogo wawili, ambao macho yao hayana tatizo lolote. Mhariri, anayejidai mtu wa kompyuta na ushahidi, ana mfuko mzima kwenye droo ya pili. Nilikuwa naona yote hayo nikiwa nimefunga mdomo wangu, kama nilivyoagizwa.

Ningeendelea kuufunga. Lakini Meneja aliponipa kazi hii alinipa na karatasi ya mambo ya kuandika: tarehe, vyeo, picha ya wauguzi. Mwishoni aliandika, "Sababu ya kuondoka: macho kudhoofika. Lisemwe kwa lugha nzuri." Meneja hakuwa na ubaya. Aliona kwamba karoti zimesaidia kidogo, ila macho ni macho. Na wateja nao wamekuwa wakipita mapokezi, wanainamisha kichwa kidogo, wanamwambia shangazi, "Mpe pole mzee wetu, tumesikia kuhusu macho." Nilikaa na sentensi ile siku mbili nikitafuta lugha nzuri ya kuisema. Haipo. Uongo hauna lugha nzuri, kwa Kiswahili wala kwa ile nyingine ninayosomea.

Kwa hiyo nilimpelekea Kope rasimu hii kabla ya kuipeleka kwa mtu yeyote. Nilimwambia kwamba safari hii sitanyamaza, ila kama atasema niirarue, nitairarua na nitaandika ukurasa mtupu. Aliisoma akiwa amesimama karibu na dirisha. Alipofika kwenye karoti mabega yalianza kumtikisika. Alipofika kwenye kigurudumu yaliacha. Alisoma hadi mwisho, akaomba kalamu, akafuta neno moja tu: alama yake ya shindano. Alifuta "nane" akaandika "tisa."

Nimeirudisha nane. Nimemwambia kwamba ikiwa tunasema ukweli, basi tuuseme wote, na akanuna kidogo, halafu akasema, "Andika basi kwamba alipepesa." Nimeandika.

Basi, kwa faida ya kumbukumbu za studio na ya kila mteja atakayesoma: mpiga picha wetu mkuu anastaafu kwa sababu umri wa kustaafu umefika, kama unavyomfikia kila mtumishi. Mwezi uliopita alipimwa macho hospitalini kwa hiari yake, na daktari alimpa miwani ya kusomea, ile ya kawaida ambayo kila mtu wa umri wake huwa nayo, akamwambia aende zake. Picha zilizofifia kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi hazikutokana na macho yake. Zilitokana na mimi. Familia ya watu watano iliyorudishwa, naomba radhi kwenu. Mhariri, ile karatasi ya herufi uliyobandika mlangoni ilinipasa mimi. Meneja, najua unasoma hapa huku umenikodolea macho, na adhabu yoyote nitaipokea. Fundi wa taa, unaweza kuacha karoti.

Na kwako, Babu: ahsante kwa kutuzuia kuridhika na picha iliyokaribia tu kuwa safi. Ahsante kwa makosa yetu uliyoyakuza mpaka tukayaona. Umetuchosha, umetuchelewesha, umetufanya tukae bila kupumua mpaka tukapata kizunguzungu, na picha zetu zote nzuri zimetoka mikononi mwako.

Tunakutakia asubuhi zisizo na kengele ya mlango, na mwanga wa dirishani usiokuhitaji ufanye chochote. Tunasikia una kazi moja tu uliyobakiza. Mkeo, katika miaka hii yote, hajawahi kukaa mbele ya kamera yako, kwa madai kwamba chakula kingeungua. Juzi alimwambia shangazi kwamba sasa amekubali. Amekupa dakika tano.

Mama, tunakuomba kwa heshima zote, umwongezee ziwe kumi. Anaona vizuri. Ni vile tu hataki kukukosea.